Mizani Waliichukua, Daftari Wakaliacha

Katika vimji vya Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, vya miaka ya 1950, kutoka kwenye mizani ya mnunuzi wa pamba hadi kwenye meza ya duka la nguo zilikuwa hatua chache tu. Mkulima alishusha mzigo wake upande mmoja wa barabara, akahesabiwa noti na sarafu, akavuka, na kabla jua halijapinda sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa imesharudi kwa mtu yuleyule aliyemlipa, au kwa shemeji yake, au kwa jirani anayesali naye. Serikali ya kikoloni iliamuru pamba inunuliwe kwenye vituo vilivyotangazwa rasmi, na penye kituo ndipo maduka yalipojipanga. Fundi cherehani alikuja kwa sababu ya duka, fundi baiskeli kwa sababu ya fundi cherehani, na mama wa uji kwa sababu ya wote hao.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na umri wa miaka kumi hivi alipoanza kupelekwa kwenye mizani. Hakupelekwa kubeba. Alikuwa amesoma madarasa mawili kwenye shule ya misheni, na nyumbani kwao ndiye peke yake aliyejua tarakimu. Baba yake alimsimamisha mbele, karibu kabisa na uso wa ile mizani ya kuning'iniza, na kazi yake ilikuwa moja: kutazama mshale. Alitusimulia mara nyingi jinsi mshale ulivyokuwa unaruka na kucheza huku na huku, na jinsi karani alivyotamka uzito kabla haujatulia. Sitini na moja, alisema karani. Yeye alikuwa ameona sitini na nne. Alimwambia baba yake kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo, na baba yake akanyamaza, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na foleni ndefu, na mbele yao alisimama mtu aliyewakopesha mahindi mwezi wa pili.

Baada ya hapo walivuka barabara. Mwenye duka alifungua daftari refu lenye jalada jekundu la kitambaa, akaanza kuyasoma madeni ya tangu masika kwa sauti, moja baada ya jingine. Bibi akasogea ili asome naye. Hakuweza. Herufi zilikuwa za mviringo, zenye mikia, na hata tarakimu hazikufanana na zile alizofundishwa na mwalimu wake. Lilikuwa limeandikwa Kigujarati. "Mizani niliisoma," alikuwa akituambia, "daftari likanishinda."

Maneno hayo nimekaa nayo kwa miaka. Kadiri ninavyofuatilia historia ya biashara ya vijijini kwetu, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba yanaeleza mambo mengi tunayogombania hadi leo, kangomba na butura, yaani kuuza mazao kwa bei ya hasara kabla ya msimu au mavuno, na mikopo hii ya riba kali watu wanayoiita kausha damu. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walipigana vita ya mizani wakashinda. Vita ya daftari hawakupigana, na waliowafuata hawakujua kwamba ilikuwepo.

Tuanze na ushindi, maana ulikuwa ushindi wa kweli na tumeusahau upesi mno. Njia za kumpunja mkulima kwenye mizani zilijulikana na kila mtu. Karani alitamka uzito kabla mshale haujatulia. Alikata ratili mbili tatu (ratili moja ni karibu nusu kilo) kwa madai ya mchanga au umande, au akaangusha vipande vya ratili vilivyozidi. Ikishindikana, aliiita pamba nyeupe "fifi" ili ilipwe bei ya chini, ilhali mwenyewe anaiona kuwa ni "safi". Bei ilipangwa na serikali kabla ya msimu kufunguliwa, kwa hiyo mnunuzi hakuwa na nafasi kubwa ya kucheza na bei. Nafasi yake ilikuwa kwenye uzito na kwenye gredi. Piga hesabu ndogo ya mfano: ratili moja ikiwa senti 50, na mkulima akipunjwa ratili 3 katika kila mzigo wa 60, basi kwenye mizigo 10 amepoteza shilingi 15. Wakati huo kodi ya kichwa ilikuwa inamsubiri kwa jumbe, na shilingi 15 hazikuwa fedha ya kuiacha njiani.

Wakulima walianza wenyewe. Kabla chama chochote hakijaandikishwa, vikundi vya vijijini viliweka mizani yao na mtu wao wa kupima, na mzigo ukapimwa kwanza hapo kabla haujafika kwa mnunuzi. Mkulima akawa anasimama mbele ya karani akiwa na namba yake kichwani. Jambo hili halikutoka hewani. Wasukuma walikuwa na vikundi vyao vya vijana vya kulimiana kwa zamu, chini ya kiongozi waliyemwita nsumba ntale. Mtu aliyezoea kupanga vijana arobaini waingie shamba moja alfajiri hakushindwa kupanga zamu ya mizani.

Aliyeviunganisha vikundi hivyo ni Paul Bomani, kijana aliyezaliwa mwaka 1925, ambaye alikuwa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alizunguka Usukuma akiwashawishi wakulima wajiunge, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vikuu vya ushirika lililochukua jina la Victoria, kwa jina la ziwa. Kufikia mwisho wa muongo ule, pamba ya Jimbo la Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwa wakulima wenyewe. Ikumbukwe pia kwamba TANU, chama cha kudai uhuru, ilikuwa imezuiwa kufanya shughuli zake katika jimbo hilo tangu mwaka wake wa kuzaliwa, 1954, hadi 1958. Kwa miaka hiyo yote, mkutano halali ambao Msukuma angeweza kwenda na kusikia hoja zikijengwa kwa lugha yake ulikuwa mkutano wa pamba. Bomani baadaye akawa Waziri wa Fedha. Njia yake ya kufika huko ilianzia kwenye ratili tatu zilizokuwa zinapotea.

Sababu ya wakulima kushinda vita ya mizani ni kwamba mizani huonekana. Inaning'inia mahali pa wazi, mshale wake ni mmoja, umati umeizunguka, na mtoto wa darasa la pili anaweza kuwa shahidi. Watu wakishakubaliana kwamba wote wameona sitini na nne, karani atasema nini? Madai ya mizani yalikuwa na bahati hiyo, na daftari halikuwa nayo.

Sasa, mtu akisoma habari za mizani peke yake anaweza kudhani mtaa ule ulikuwa uwanja wa mapambano asubuhi hadi jioni. Haukuwa hivyo. Watu waliishi pale, na waliishi kwa furaha pia. Miezi ya kuuza pamba ndiyo miezi ya kiangazi, na kiangazi kwa Wasukuma ndio wakati wa ngoma. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya tangu zamani, walicheza siku hiyohiyo kwenye uwanja mmoja, kila kundi likivuta watazamaji upande wake, na mshindi alijulikana kwa wingi wa watu waliohamia kwake. Fedha ya pamba ilikuwa na haraka ya kufika kwenye ngoma. Ilinunua shanga, vioo, filimbi na khanga mpya. Fundi cherehani kwenye baraza la duka alishona mpaka usiku kwa taa ya karabai, kwa sababu hakuna kijana aliyekubali kuingia uwanjani na kaptula ya mwaka jana.

Baraza hilo lilikuwa mahali pa mambo mengi. Barua ziliachwa hapo zikisubiri mtu wa kijiji kile apite. Asiyejua kusoma alisomewa hapo, na gazeti la Mambo Leo lilipofika, mmoja alisoma na wengine wakasikiliza. Tangu mwaka 1951, utangazaji wa redio ulipoanza Dar es Salaam, penye duka lenye redio palijaa watu jioni. Mwenye duka, awe Mhindi au Mmanga aliyetoka Oman, mara nyingi alizungumza Kisukuma cha kueleweka vizuri kabisa, na watoto wake walikijua kuliko yeye. Wapo wazee huko Maskati leo ambao utoto wao ulipita Shinyanga na Tabora, na Kiswahili ndiyo lugha wanayoongea wakiwa nyumbani.

Chumvi na mchele vilipimwa kwa kibaba au kwa kopo, na kipimo hicho kilikuwa na adabu zake. Kulikuwa na kibaba cha mfuto, ambacho kiganja kilipitishwa juu mpaka kikawa sawa na mdomo wa chombo, na kibaba cha tele, kilichoachwa na kilima chake. Mteja wa siku zote alipimiwa tele, mgeni akapata mfuto. Bibi alisema mama yake alikuwa anajua hali ya deni lao kwa kuutazama mkono wa mwenye duka. Mkono ukipita juu kwa wepesi, mambo bado mazuri. Ukibana na kukwangua, rudi nyumbani ukamwambie mume wako auze mbuzi. Halikutamkwa neno lolote la kudai. Alikuwa bado anaitwa mama, bado anaulizwa habari za watoto, na mtoto aliyebebwa mgongoni bado anapewa kipande cha sukari guru.

Hapo ndipo ninapotofautiana na watu wa pande zote mbili wanaoandika habari za duka la Mhindi. Wapo wanaolikumbuka kama paradiso ya uaminifu, enzi ambazo mtu alikopa kwa neno tu. Wengine wanalikumbuka kama mdomo wa mnyonyaji na basi. Bibi yangu hakulikumbuka kwa namna yoyote kati ya hizo. Alikumbuka mahali alipojulikana kwa jina la ukoo wake, ambapo familia yao ilipona njaa kwa mahindi ya mkopo, na ambapo hakuwahi hata siku moja kujua kwa hakika walikuwa wanadaiwa kiasi gani. Mambo haya matatu yalikaa pamoja, kwa mtu mmoja na kwenye meza moja.

Kwa nini deni lilifichika hivyo? Tabia ya mwenye duka ni sehemu ndogo ya jibu. Sehemu kubwa imo kwenye sheria. Utawala wa kikoloni Tanganyika ulikuwa na sheria iliyozuia mikopo kwa wenyeji: mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika mahakamani, isipokuwa mkopo wenyewe uwe umeidhinishwa kwa maandishi na afisa wa serikali. Ilielezwa kuwa ni kinga ya mkulima. Lakini fikiria ilivyofanya kazi kwenye mtaa wetu ule. Njaa ya mwezi wa pili haikusubiri kibali cha bwana shauri, afisa wa kikoloni wa wilaya, aliyekaa mbali na kijiji. Mkopo ulitolewa vilevile, ila sasa ulitolewa gizani. Mkopeshaji aliyejua kwamba mahakama haitamsaidia alijilipa mapema kwa njia nyingine: alipandisha bei ya mahindi ya mkopo, alishusha gredi ya pamba ya mdaiwa wake, na alihakikisha mdaiwa huyo hapeleki pamba kwa mnunuzi mwingine. Na mkopaji naye, akiona amedhulumiwa, angemshitaki wapi? Deni ambalo sheria hailitambui halina mahali pa kubishaniwa.

Lugha ya daftari nayo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kwa wiki kadhaa kupinga sheria mpya za leseni na kodi ya faida, na moja ya manung'uniko yao makubwa ilikuwa sharti kuhusu lugha ya vitabu vya hesabu, lililokiacha Kigujarati nje. Nawaelewa. Mtu wa duka dogo aliyesoma hesabu kwa Kigujarati tangu utotoni, ambaye hawezi kumlipa karani wa Kiingereza, angefanyaje? Lakini katika mabishano yote yale kati ya serikali na wenye maduka, kila upande ulizungumza habari za nani mwingine asome daftari, mtoza kodi au mwenyewe. Mtu wa tatu, ambaye jina lake ndilo lililoandikwa mle ndani, hakutajwa.

Na mwenye duka mwenyewe alikuwa mdaiwa. Hili watu hawapendi kulisikia, lakini bila hilo mtaa ule hauelezeki. Jora la kitambaa cha amerikani lililolala kwenye rafu yake hakulilipia. Alilichukua kwa mkopo kwa tajiri wa Mwanza, na tajiri wa Mwanza alikuwa na deni kwa waagizaji wa pwani. Kabla ya reli ya kutoka Tabora kufika Mwanza mwaka 1928, bidhaa nyingi zilikuja kutoka Mombasa kwa treni hadi Kisumu na kuvuka ziwa kwa meli, na kila kituo kilikuwa na mtu aliyemkopesha wa mbele yake. Ulikuwa mnyororo mrefu wa imani, na pete yake ya mwisho ilikuwa mke wa mkulima na kibaba chake cha chumvi. Mvua ikikosekana Kwimba, mtu wa Mwanza hakulala.

Mnyororo huo ulikuwa wa ndugu na wa madhehebu. Kijana Mwafrika aliyerudi kutoka vita vya Burma mwaka 1946 akiwa na akiba yake ya KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, akafungua kiduka, aligundua upesi kwamba fedha taslimu haitoshi. Mwenzake wa kando alipewa mzigo alipe baada ya miezi, yeye akatakiwa kulipa papo hapo. Mteja wake alipoomba mkopo mwezi wa pili hakuwa na cha kumkopesha, na mteja akarudi alikozoea. Wengi walifunga, na watu wakasema Waafrika hawajui biashara. Walijua. Walikosa mtu wa kuwaandika kwenye daftari lake.

Ushirika ulipoingia, ulimwondoa mnunuzi kwenye mizani, ukawalipa wakulima uzito wao halali, na hapo ukaona kazi imekwisha. Lakini mnunuzi aliyeondolewa ndiye aliyekuwa anakopesha mwezi wa pili! Alikopesha kwa sababu alijua pamba itapita mkononi mwake. Pamba ilipoacha kupita mkononi mwake, aliacha kukopesha, au alikopesha kwa masharti makali zaidi. Chama cha ushirika kilikuwa na kila kitu ambacho mkopeshaji hukihitaji: kilimjua mkulima, kilijua shamba lake, na pamba yote ilikuwa inakuja kwake. Kingeweza kuandika daftari la kwanza la haki katika historia ya Usukuma, kwa lugha ambayo bibi yangu angeisoma. Mikopo ya mbegu na dawa ilikuwepo, ndiyo. Ya mahindi, ya ada ya shule, ya mgonjwa wa usiku, haikuwa kazi ya chama. Hiyo iliachwa kwa ng'ombe, na asiye na ng'ombe aliachwa kwa jirani.

Kosa hilohilo lilirudi kwa sura kubwa zaidi mwaka 1976, katika Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe, na mahali pake pakafunguliwa maduka ya ushirika na ya kijiji. Waliopanga walilitazama duka wakaona rafu na bidhaa. Wakafikiri ukiweka rafu na bidhaa umepata duka. Bidhaa zilipochelewa kufika, rafu zikabaki na majani ya chai na viberiti, na baada ya muda mfupi amri ikabidi ilegezwe. Mwaka huohuo vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vikavunjwa, pamoja na kile kilichozaliwa na shirikisho la Victoria, na vikaja kurudishwa miaka ya 1980 vikiwa vimepoteza watu waliokuwa wanaijua kazi.

Mwenye duka binafsi alikuwa anaamka saa tisa za usiku kwa mtu anayetaka mafuta ya taa ya kumtazamia mgonjwa. Alijua nani alipe lini na nani asidaiwe mwaka huu kwa sababu amefiwa. Muuzaji wa duka la kijiji alikuwa na mshahara, stoo yenye kufuli na mkaguzi wa kumwogopa, na mkaguzi hakuwa na safu ya "amefiwa" kwenye fomu yake. Simlaumu muuzaji huyo. Hakupewa ruhusa ya kumjua mtu.

Tukifika leo, ugomvi wa mizani bado upo, na unapiganwa kwa njia zilezile za bibi yangu. Lumbesa ni suala la mizani: gunia la vitunguu lenye kofia juu yake, kibaba cha tele kilichogeuzwa kuwa wizi. Wakala wa Vipimo anaikamata, na afadhali aendelee kuikamata. Kwenye vyama vingi vya msingi vya ushirika mizani za kidijitali zimeanza kuchukua nafasi ya zile za mshale. Haya ni mazuri na nayaunga mkono kwa moyo wote.

Kangomba ni jambo jingine. Mkulima wa korosho wa Mtwara au Lindi anayeuza kwa bakuli kabla msimu haujafunguliwa anajua kabisa kwamba anapunjwa. Mkulima wa Kagera anayeuza kahawa ingali ua, kwa butura, hahitaji kuelimishwa kwamba bei ni ya hasara. Anahitaji fedha mwezi ambao shamba halina kitu. Mwishoni mwa 2018, serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mashamba yalihakikiwa ili wanunuzi wa kangomba wasilipwe. Nilisikia watu wakishangilia, na nawaelewa walioshangilia. Lakini niliendelea kujiuliza: msimu ujao, mtoto wa yule mkulima akirudishwa nyumbani kwa kukosa sare, yule mama atagonga mlango wa nani? Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima huweka mazao ghalani akapewa hati yake, ulioletwa kwa sheria ya mwaka 2005, unamsaidia aliyekwisha kuvuna. Mwezi wa pili ghala halina kitu cha kuandikiwa stakabadhi.

Nafasi hiyo tupu imejazwa na simu. Mikopo midogo ya simu ilianza kwa mpangilio wa mabenki na kampuni za mitandao, na mingine inasaidia kweli. Pembeni yake zikaota programu zisizo na leseni, ambazo mtu akichelewa siku moja zinawatumia ujumbe ndugu zake wote, mwajiri wake na mchungaji wake, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia makumi ya programu za namna hiyo. Mwenye duka wa Usukuma alikwangua kibaba ili amkumbushe deni mtu mmoja, kimyakimya, uso kwa uso. Hawa wanalitangaza kwa watu mia mbili wasiohusika. Kinachofanana ni kimoja, nacho ndicho kile kilichomshinda bibi: mdaiwa hawezi kulisoma daftari. Riba imeandikwa kwa siku, ada imeitwa jina jingine, na jumla anaijua mwenye programu.

Na hata kwenye ushirika wenyewe, mkulima wa pamba wa leo anapokea karatasi yenye kilo zake, halafu makato: ya mbegu, ya viuatilifu, ya chama, ya ushuru. Kilo hazibishaniwi tena, kazi ya wazee imezaa matunda. Makato ndiyo watu wanayoyanung'unikia chini ya mwembe. Viuatilifu alivyochukua Januari viliandikwa kwenye kitabu cha katibu, na hakubaki na nakala.

Mtaani kwetu kuna duka ambalo mwenyewe, kijana wa Kichaga, ana kaunta buku lake la madeni kama wenye maduka wote. Tofauti yake ni kwamba kila anayemkopesha hupewa kidaftari cha kurasa thelathini na mbili. Ukichukua unga kilo mbili, anaandika kwake, halafu anaandika kwako, na unaondoka nacho. Nilimuuliza alijifunzia wapi. Akasema, "Kaka, mwanzoni nilikuwa nagombana na wateja kila mwisho wa mwezi. Sasa tunagombana na daftari." Nimemwona mama mmoja akimpa bintiye wa darasa la tatu kidaftari hicho amsomee pale pale mezani, mstari kwa mstari, kabla hajalipa. Hakuna teknolojia hapo, ni karatasi ya shilingi mia chache.

Chama cha msingi kinashindwa nini kufanya hivyo? Kila mwanachama awe na kidaftari chake, pembejeo ziandikwe pande zote mbili siku zinapotolewa, na kiwepo kiasi kidogo cha fedha ya mwezi wa pili, kinachotolewa kwa kuangalia shamba na historia ya mtu, na kinachokatwa Julai kwa namba ambayo mwanachama aliibeba nyumbani kwake miezi yote mitano. Watendaji niliowahi kuzungumza nao hujibu kwamba watu hawatalipa. Wale wenye maduka walikopesha bila mahakama, bila benki, kwenye nchi ya njaa na nzige, na walilipwa kiasi cha kutosha kuendelea kukopesha vizazi viwili. Wasukuma wanaoambiwa leo kwamba hawalipi ni wajukuu wa watu hao.

Mwezi wa pili mwaka huu nilipita kwenye kituo kimoja cha pamba. Mizani mpya ilikuwa imefungiwa stoo, imefunikwa turubai, na mlango wa ofisi ya chama ulikuwa na kufuli lililoanza kushika kutu. Ng'ambo ya barabara, chini ya mwavuli, alikaa kijana mwenye simu mbili na daftari. Watu watatu walikuwa wanasubiri zamu yao, na mmoja wao ni mzee aliyeinama mbele, akijaribu kuona kilichokuwa kinaandikwa.